Mwezi wa saba kule Michigan: kutayarisha uwindaji wa kulungu



Likizo kubwa iliyopita nilikwenda kumtembelea yaya yangu karibu na Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, Marekani. Wakongomani ni wengi pale. Siku ya Mungu unasikia Kiswahili chetu kanisani mpaka unasahau kama umevuka bahari. (Mambo ya viza nitasimulia siku ingine, ni marefu.) Nyumba ya yaya iko pembeni ya mji, inapakana na mashamba ya mahindi, na jirani yake ni mzee mmoja mwindaji.

Kulungu wa kule ni mkubwa kupita mboloko wetu. Mkia wake ni mweupe upande wa chini, na akishtuka anauinua kama kitambaa. Dume ndiye mwenye pembe. Zinaanguka kila mwaka wakati wa baridi, kisha zinaota upya. Mwezi wa saba niliziona zimefunikwa na ngozi laini yenye manyoya mafupi. Lakini mwezi huo haruhusiwi kuuawa. Majike wanazaa kwenye mwezi wa tano na wa sita, na watoto bado wananyonya. Upinde unaanza tarehe 1 Oktoba, na msimu mkubwa wa bunduki ni tarehe 15 mpaka 30 Novemba.

Sasa mwindaji anafanya nini mwezi wa saba? Anatembea. Anatafuta njia ambako kulungu wanapita, anaangalia kwato kwenye matope, anafunga kamera ndogo kwenye miti. Ana kiti cha chuma juu ya mti, na kila mwaka anapima mikanda yake mmoja mmoja, maana watu wengi wanaumia kwa kuanguka kuliko wanavyofikiri. Anakata matawi sasa ili wanyama wazoee. Hata nguo anazifua na sabuni isiyo na harufu! Bibi yake alinionyesha frigo kubwa ya nyama: alikuwa anaimaliza ya mwaka jana ili kupata nafasi.

Jioni mzee alikuwa anajaribu bunduki yake nyuma ya nyumba. Mlio wa kwanza, yaya aliacha sahani ikaanguka, akavuta watoto chini ya meza. Mimi pia nililala chini. Wamama wa kwetu Mashariki mnaelewa, sina haja ya kueleza. Kijana wake wa miaka 14 peke yake alibaki amesimama, akaona haya kwa ajili yetu.

Kumbe kijana huyo alikuwa ameomba kwenda kuwinda na mzee. Yaya alikataa kabisa: «Nilikimbia bunduki na mtoto mgongoni, leo nimpe yeye bunduki mkononi?»

Kijana alikwenda kumwambia mzee sababu. Kesho yake mzee alikuja na bibi yake, kofia mkononi, akaomba samahani, na tangu siku ile alipeleka mazoezi yake mbali. Alituletea vipande vya nyama vilivyoganda. Tulipika na nyanya na pilipili, tukala na bugali na sombe. Ni nyama isiyo na mafuta, inataka moto mdogo na muda mrefu.

Mezani alieleza kwamba kule kila mtu aliyezaliwa tangu mwaka 1960 anapaswa kusoma masomo ya usalama kabla ya kupata karatasi ya kuwinda, na siku za bunduki wanavaa rangi ya machungwa inayong'aa ili wasipigane wenyewe kwa wenyewe. Nilifikiri juu ya kwetu. Tuna sheria ya uwindaji tangu 1982, lakini sokoni nyama ya pori haikosi mwezi hata mmoja, na mtego wa waya hauulizi kama jike ana mimba. Mimi pia nimenunua bila kuuliza.

Yaya alikaa siku tatu bila kusema. Siku ya nne alimwita kijana: masomo, ndiyo, upinde, ndiyo, bunduki, hapana, wala isiingie nyumbani kwake. Kijana alinuna kidogo, kisha akaanza kupiga mishale kwenye gunia la majani, kila jioni, mpaka nilipoondoka.

Mwezi wa kumi yaya aliniandikia. Walitoka na mzee kabla ya jua, wakaona majike mawili kwa mbali, hawakupiga kitu. Kijana alirudi na baridi na njaa, akamaliza sufuria ya maharagi peke yake.