Mtungi Haukuwa Mtupu

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Ndugu msomaji, methali hii leo naipeleka mahali ambapo pengine hukupatarajia: kwenye mtungi wa gesi ya kupikia. Kule kwetu milimani Upare kuna kijana nusura aitwe mwizi na kijiji kizima, na ushahidi wote ulikuwa moto mdogo uliosinzia chini ya sufuria ya makande.

Mambo yalikuwa hivi. Bibi yangu anaishi Mamba Miamba, huko juu wanakolima tangawizi. Ukitoka Same mjini, penye jua na vumbi, unapita Kisiwani, unafika Gonja Maore, ndipo gari linaanza kupanda. Mwezi wa Julai huko ukungu haukimbilii kuondoka, na mtu hatoki nje bila sweta. Wajomba walimnunulia bibi jiko la gesi la plate mbili na mtungi wa kilo 6 ili aachane na kuni. Moshi ulikuwa umemchosha macho na kifua, na kwa umri wake kuteremka korongoni na kurudi na mzigo kichwani ni mateso matupu.

Wiki ya tatu tu moto ukaanza kulegea. Makande yanabandikwa asubuhi, mchana mahindi bado yanagonga meno. Bibi akakata shauri: kijana wa dukani kamuuzia mtungi nusu. Jirani naye akadakia, eti wa kwake uko vivyo hivyo. Basi bwana, unajua maneno ya kijijini yanavyokwenda mbio. Ikapangwa kijana apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Bibi kwa upande wake alisharudi kwenye mafiga.

Habari ziliponifikia, nilimwendea fundi mmoja wa majiko hapa Same. Akaniuliza swali moja tu: "Mtungi anauweka wapi?" Nikamjibu: nje, nyuma ya jiko, juu ya udongo, kivulini. Akatabasamu, akanivutia kigoda.

Ndani ya mtungi, alisema, gesi imelala kama maji. Inapotoka huchemka kwanza, igeuke mvuke, ndipo iende kwenye jiko. Joto la kuichemsha inalichukua kwenye chuma cha mtungi na hewa iliyouzunguka. Kwa hiyo nguvu ya moto haikuambii gesi iliyobaki ni kiasi gani. Inakuambia zaidi mtungi una joto kiasi gani. Na gesi yetu ya mitungi si ile ya Songosongo inayosafiri kwa bomba. Hii huletwa kwa meli, nayo ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani ikikaribia sifuri tu inagoma. Ndiyo maana Wazungu wanaosafiri na nyumba za kukokotwa na gari, wakati wa baridi kali hutafuta mitungi ya propani tupu.

Sasa pika makande saa tatu mfululizo, plate zote mbili zinawaka. Mtungi mdogo unazidi kupoa kwa kazi yake wenyewe, hadi unatoa jasho kwa nje. Propani ndiyo inayotangulia kutoka. Kadiri siku zinavyokwenda, kinachobaki ni butani kwa wingi. Mtungi huohuo ushushe Same mjini juani, utawaka vizuri!

Nikapanda mlimani. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mume wangu. Umekuja kunisaidia kumfunga yule mwizi?" Nikamwambia kwanza tupime. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Wa bibi uliandikwa kilo 7 na nusu. Tukaupeleka kwenye mzani wa kupimia tangawizi, watu wakakusanyika kama kwenye mnada. Mzani ukasoma kilo 11. Maana yake kilo 3 na nusu za gesi zilikuwa bado zimo, na bibi alikuwa amepikia kilo 2 na nusu. Mtungi aliuziwa umejaa. Kijana wa dukani, aliyekuwa amesimama pembeni mikono kifuani, hakusema neno. Alivuta pumzi ndefu tu, kisha akaukumbatia mzani kuurudisha ndani.

Baridi haikuwa peke yake. Mpira wa gesi ulikuwa umekunjwa chini ya mguu wa meza, na povu la makande lilikuwa limeziba matundu ya plate moja. Namna ya kutofautisha ni rahisi: moto ukianza na nguvu halafu ukalegea taratibu, na mtungi ukawa baridi mkononi, hiyo ni baridi. Moto ukiwa dhaifu tangu unawasha, tazama mpira, matundu na kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi. Kisha paka povu la sabuni kwenye maungio; likitoa mapovu, gesi inavuja, funga mara moja. Kamwe usiusogeze mtungi kwenye moto eti upate joto. Ule ni msiba.

Tuliuweka mtungi juu ya ubao, upande wa jua, penye hewa. Bibi akaanza kuloweka mahindi na maharage tangu jioni, maana mlimani maji nayo huchemka yakiwa na joto pungufu: kila mita 300 unazopanda, karibu nyuzi moja inapungua. Moto ukaamka, ingawa si kama wa mjini, na siku za makande bibi bado huchochea kuni mbili tatu. Kwa mwenyekiti hakwenda mtu. Bibi hakuomba radhi kwa maneno. Alimpelekea yule kijana tangawizi kwenye kikapu.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikitaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Jambo jema. Lakini mtungi ukipanda mlimani bila maelezo, unapanda na ugomvi. Mama mmoja anarudi msituni, kijana mmoja anapoteza jina lake.

Na sisi tunaotaka kuandika riwaya, ambao haraka yetu kubwa ni kumpata mhalifu kabla sura ya kwanza haijaisha, tutafute mzani kwanza. Yule kijana angeitwa mwizi Jumapili ile, Jumatatu angefunga duka, na mwezi wa Januari jua likirudi mitungi yote ingewaka vizuri. Nani angemrudishia jina lake?