Spika: Msemaji Asiyesema Lake

Yuko mzee mmoja hapa kijijini kwetu, upande wa Matombo, ambaye hazikosi habari za Bunge katika redio yake. Siku moja alitusimamisha njiani tukitoka shule, akatuuliza, "Mwalimu, huyo Spika maana yake nini?" Tukamwambia kwamba ni neno la Kiingereza, maana yake msemaji. Akacheka sana. "Mbona ndiye asemaye kidogo kupita wote? Wenzake wanahutubia, yeye kazi yake kuwaambia muda umekwisha." Jua lilikuwa limekwisha kuchwa, tukamjibu kwa ufupi, lakini swali la mzee yule lilistahili jibu lenye kina zaidi.

Hapo kale mfalme wa Uingereza alipotaka fedha za vita aliwaita wajumbe wa raia wakutane, nao walihitaji mtu mmoja wa kupeleka maneno yao mbele yake. Huyo ndiye msemaji. Wa kwanza kuitwa kwa jina hilo alikuwa Thomas Hungerford, mwaka 1377. Haikuwa kazi ya kutamaniwa. Mfalme akichukizwa na habari humkasirikia aliyeileta, na wasemaji kadha wa zamani zile walikatwa vichwa. Hata leo, Spika mpya akichaguliwa kule, wenzake humshika na kumvuta mpaka kitini, naye hujifanya hataki. Watoto wa darasa la sita tulipowasimulia jambo hili walidhani twawatania.

Thomas More, ambaye Wakatoliki humwita Mtakatifu, alikuwa Spika mwaka 1523, akamwomba mfalme awape wajumbe ruhusa ya kusema yaliyo moyoni bila hofu ya kuadhibiwa. Na tarehe 4 Januari 1642 mfalme Charles wa Kwanza aliingia bungeni mwenyewe, askari wake wakingoja mlangoni, ili awakamate wajumbe watano. Watu wale walikuwa wamekwisha kutoroka. Mfalme akamwuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Lenthall akapiga magoti, akajibu kwamba mahali pale hakuwa na macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kwa agizo la baraza. Mfalme akatoka mikono mitupu. Basi mzee wetu ajue ya kuwa Spika ni msemaji wa wenzake, si wa nafsi yake, na huo ndio uzito wa kazi yenyewe.

Sasa tuje kwetu. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, na aliyekalia kiti alikuwa Gavana mwenyewe. Serikali iliyoleta sheria ilikuwa yake, na aliyeruhusu mtu kusema ndiye yeye. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Mwafrika hakuingia katika Baraza lile mpaka mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Gavana aliondoka kitini mwaka 1953 tu, akawekwa Spika wa kwanza, Brigedia Scupham.

Lakini kuwa na Spika mjini Dar es Salaam si kusema kwamba sauti ya mtu wa milimani ilifika huko. Miaka ile serikali iliona udongo wa Uluguru unachukuliwa na mvua, na mito ya milima hii ndiyo iingiayo Ruvu na kunywewa hata Dar es Salaam. Hofu ile ilikuwa ya kweli, hatuwezi kuikana. Basi watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi mashambani. Wakulima waliona kazi ni nzito, na udongo mzuri unafukiwa chini huku ule usio na rutuba ukiletwa juu. Tena walihofu kwamba ardhi ya koo zao, ambayo kwa desturi ya Waluguru hufuata upande wa mama, ingekuja kunyang'anywa. Wangesemea wapi? Hawakuwa wamempigia kura mjumbe hata mmoja, na watawala wa hapa nyumbani walikuwa ndio wenye kuisimamia amri. Mwezi wa Julai 1955 watu wakakusanyika hapa Matombo kwa hasira, askari wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ule ukaachwa. Wako wazee kwetu waliokuwa watoto siku zile, na wakihadithia hawaanzi na matuta. Huanza na neno hili: "Hatukusikilizwa."

Miaka mitatu baadaye ukaja uchaguzi wa kwanza wa Baraza, na katika Jimbo la Mashariki, ambamo Morogoro ilikuwamo, Mwalimu Julius Nyerere alishindana na Patrick Kunambi, Mluguru, ambaye naye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa TANU mwaka 1954. Nyerere akashinda. Siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, kitini alikuwa Abdulkarim Karimjee, Mhindi wa ukoo wa wafanya biashara ambao jina lao liko hata leo katika ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam.

Mwaka 1962 akafuata Chifu Adam Sapi Mkwawa, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile. Twapenda kukaa kidogo kwa mtu huyu. Alikuwa mjukuu wa Mtwa Mkwawa wa Uhehe, aliyepigana na Wadachi na ambaye kichwa chake kilichukuliwa mpaka Ulaya. Kiliporudishwa mwaka 1954, Adam Sapi ndiye aliyekipokea Kalenga. Mtu wa nyumba ya kutoa amri akakubali kazi ya kuwasikiliza wengine, akaifanya mpaka 1973, tena toka 1975 mpaka 1994. Kati ya vipindi hivyo viwili alikaa Chifu Erasto Mang'enya wa Ubondei, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia siasa. Sisi walimu tusijivune mno kwa hilo; kipindi chake kilikuwa cha miaka miwili tu.

Baada yao alikuja Pius Msekwa, aliyewahi kuwa Katibu wa Bunge, akapokea Bunge la kwanza la vyama vingi baada ya uchaguzi wa 1995. Hapo kiti kilipata uzito mpya. Zamani wote walikuwa wa chama kimoja. Sasa mwenye kiti ni wa chama chenye wengi, na wachache wanamtazama kila anapofungua kinywa. Katiba yetu ya mwaka 1977 yasema kwamba Spika aweza kuchaguliwa miongoni mwa wabunge au watu wenye sifa za kuwa wabunge, na kwamba waziri hawezi kuwa Spika. Haimwamuru aache chama chake. Kule Uingereza Spika huachana na chama, na sisi, tukiulizwa, twaipenda desturi ile.

Hata hivyo si kila kitu huamuliwa na kanuni. Mtu mwenyewe naye ana sehemu yake. Mwezi wa Februari 2008, chini ya Spika Samuel Sitta, taarifa ya kamati teule juu ya mkataba wa umeme wa Richmond ilisomwa mbele ya Bunge, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Sitta na Lowassa walikuwa wa chama kimoja. Mwaka 2010 Anne Makinda akawa mwanamke wa kwanza kukikalia kiti. Tarehe 6 Januari 2022 Spika Job Ndugai alijiuzulu kwa ajili ya maneno aliyoyasema juu ya mikopo ya nchi. Kiti kikawa wazi mpaka tarehe 1 Februari alipochaguliwa Tulia Ackson, na Katiba hairuhusu Bunge kufanya shughuli yo yote kabla ya kumpata Spika. Hebu fikirini, watu karibu mia nne wenye akili zao, na pasipo huyo mmoja hawawezi kupitisha hata neno moja.

Mzee wetu ataka pia kujua kwa nini kila mbunge huanza na "Mheshimiwa Spika," hata akiwa na ugomvi na jirani yake. Sababu ni hiyo hiyo ya ugomvi: maneno makali yakipita kwa mtu wa tatu hupoa kidogo njiani. Mbele yake huwekwa siwa. Jina hilo lilitoka Pwani, kwa pembe kubwa zilizopulizwa Lamu na Pate siku za fahari ya watawala. Na Spika hapigi kura pamoja na wenzake. Kura yake ni moja tu, ya kukata shauri pale pande mbili zinapolingana.

Haya yote tuliyapima mwaka jana katika jambo dogo la maji. Kitongoji cha juu kilikuwa kikifunga koki ya tangi, cha chini kikakauka, akina mama wakawa wanashuka mtoni alfajiri. Mkutano wa kwanza uliongozwa na mtu wa kitongoji cha juu. Kila aliyesimama kusema alijibiwa na mwenye kiti kabla hajamaliza, na ilipofika saa tisa watu wa chini walikuwa wamekwisha kuondoka, kijana mmoja akisema waziwazi kwamba usiku atakwenda na shoka kulipasua bomba. Twajua kijana yule. Hasemi kwa mzaha.

Wazee wakaomba mkutano wa pili usiku usijaingia, na kitini akawekwa bibi mmoja mjane, ambaye nyumba yake ina kisima chake na haitegemei tangi lile. Sisi tuliandika kumbukumbu. Kwa muda wa saa mbili hatukuandika hata neno moja lake ila "Aya, mwanangu, endelea" na "Ngoja, hajamaliza." Yule kijana alisema kwa muda mrefu, kwa ukali, hata sauti ikamkauka, akaketi. Hakuna aliyemkatiza. Watu wa juu walipoambiwa wajibu, wa kwanza kusimama alisema kwamba hakujua watoto wa chini walikuwa wakikosa shule kwa kuteka maji.

Yakakubaliwa majuma yagawanywe, siku tatu juu na siku tatu chini, na Jumapili koki iachwe wazi kwa wote. Tulipomwuliza bibi yule yeye binafsi alipenda upande gani, alitutazama kama mtu asiyeelewa swali, akasema alikuwa amekaa kitini. Ratiba tuliiandika kwa kalamu nene, nayo imebandikwa ukutani mwa duka, karibu na njia panda.