Kutoka Litein hadi Silibwet kwa Gia Nzito

Mvua ya Kericho haihitaji kutabiriwa. Asubuhi jua linapiga juu ya mashamba mpaka majani ya chai yanameta, adhuhuri mawingu yanajikusanya upande wa msitu wa Mau, na alasiri barabara ya udongo iliyokuwa ngumu kama sakafu inakuwa utelezi mtupu. Wenyeji hupanga siku zao kwa kufuata saa hizo. Mimi nilikuwa nimetoka Nakuru alfajiri na Land Rover 110 iliyoinuliwa, na hii ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kuacha lami tangu itoke kwa fundi.

Watu wengi wakiona gari lililoinuliwa hutazama matairi na urefu wake. Kinachobeba gharama ya urefu huo kiko chini, hakionekani: propela shafti. Springi ndefu zikiisukuma chasisi juu, transfa, ile boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, inapanda nayo, lakini difu inabaki palepale kwenye ekseli. Shafti iliyokuwa imelala kwa upole sasa inateremka kwa mwinamo mkali, na kros zake, vile vyuma vya msalaba vinavyoiwezesha kupinda, zinapinda kupita kiasi kila inapozunguka. Kros iliyopinda haizungushi kwa mwendo mmoja. Katika kila mzunguko upande wa pili huenda kasi zaidi mara mbili, na mara mbili huzembea. Kros ya ncha nyingine huifuta kasoro hiyo, mradi pembe za ncha zote mbili ziwe sawa. Zikitofautiana, gari linatetemeka na kros zinakufa mapema. Robert Hooke alilieleza jambo hili Uingereza katika karne ya 17, na springi hata iwe ya bei gani hailikwepi.

Fundi wangu alipendekeza kwanza tuishushe gia boksi pamoja na transfa kwa vipande vya chuma, ili shafti zilale tena. Nikakataa. Njia za mashamba ya chai zina mgongo katikati, kati ya mifereji miwili iliyochimbwa na malori, na transfa iliyoshushwa ndiyo ingekuwa ya kwanza kuulamba mgongo huo. Tukakubaliana kuinua inchi mbili tu, tuache mikono ya ekseli ya mbele kama ilivyotoka kiwandani, na kubadilisha shafti ya mbele tuweke yenye kros mbili zilizoshikana upande wa transfa. Shafti ya namna hiyo hutaka mdomo wa difu uitazame transfa moja kwa moja, na kwenye 110 kuinua kwenyewe huugeuza mdomo huo juu kidogo. Wengi hubadilisha mikono ya ekseli ili usukani usiwe mwepesi barabarani. Wanaupata usukani mzuri, ila mdomo wa difu unarudi kuangalia chini, na shafti inapinda kuliko mwanzo. Mimi niliona afadhali usukani mwepesi kidogo.

Litein nilisimama karibu na kituo cha kununulia majani. Wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia, karani akipima kwa mizani ya kuning'iniza, na lori la kiwanda likisubiri, pande zake zikiwa wazi ili majani yapumue. Majani yaliyochumwa yakifungiwa hupata joto na kuharibika, kwa hiyo lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo. Ndiyo maana katika nchi hii barabara mbaya inapunguza bei ya mkulima moja kwa moja. Shirika la chai la KTDA, tangu lilipoundwa 1964, limejengwa juu ya wakulima wadogo wa namna hii, ambao shamba lao liko mwisho wa njia ya udongo.

Nilimsalimu dereva mmoja wa Land Cruiser pikapu aliyekuwa amebeba mbolea. "Chamgei," nikasema. "Chamgei mising," akajibu, kisha akainama kutazama chini ya gari langu bila kuombwa.

"Ndugu, shafti yako ya mbele inazunguka siku nzima?"

"Siku nzima. Hii ni foo-wili ya kudumu."

"Yangu inalala. Nikiwa kwenye lami nafungua habu, shafti ya mbele haigeuki. Hata ningeinua gari inchi nne, nisingesikia mtetemo wowote kutoka mbele."

Alisema kweli, na nimelifikiria neno lake sana tangu siku ile. Transfa ya 110, ile LT230, hugawa nguvu mbele na nyuma wakati wote kupitia difu ya katikati, hivyo kila kosa la pembe kwenye shafti ya mbele husikika kila kilomita. Ya Land Cruiser yake hufunga mbele na nyuma pamoja pale tu anapotaka. Kwenye lami hawezi kuiacha imefungwa, kwa sababu katika kona magurudumu ya mbele husafiri mbali kuliko ya nyuma, na gia zinajikaza mpaka kitu kivunjike.

Lakini mvua ilipoanza, baada ya Litein, nilipoelekea Konoin kupitia Mogogosiek, ndipo nilipoona kwa nini nisingebadilishana naye. Barabara ilikuwa lami, kisha udongo mwekundu, kisha kipande cha lami iliyopakwa matope na malori, kisha udongo tena. Pale lami inapoteleza kama udongo ndipo dereva wa foo-wili ya muda anapobaki na magurudumu mawili tu, au anafunga na kufungua kila baada ya kona. Gari langu lilipita bila mimi kugusa chochote.

Kazi yenyewe ilinisubiri kwenye mteremko mrefu baada ya Mogogosiek, chai pande zote mbili na mfereji mkubwa kushoto. Nilisimama kabisa, nikaiweka transfa kwenye gia nzito, nikasukuma wenzo kushoto kufunga difu ya katikati, taa ikawaka. Gia nyepesi za LT230 yangu ni 1.41, nzito ni 3.32, yaani injini ilipata nguvu zaidi ya mara mbili ya kulizuia gari. Nikaondoa miguu yote miwili kwenye pedali. Land Rover ikashuka yenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea, injini ikiunguruma, matairi yakikata udongo bila kuteleza hata mara moja. Ningekanyaga breki, magurudumu yangefunga na gari lingefuata mfereji. Wachumaji waliosimama kando na makapu mgongoni walitazama tu. Nilipokwisha kufika bondeni furaha yangu ilikuwa kubwa, nasema bila aibu.

Silibwet, mvua ikiwa imekatika, nililala chini ya gari na kugusa kros moja moja kwa kiganja. Za mbele zilikuwa na uvuguvugu tu. Ya nyuma upande wa difu ilikuwa ya moto zaidi, na sehemu ya shafti inayoteleza ilikuwa imejivuta nje kuliko nilivyopenda. Shafti ya nyuma hatukuwa tumeigusa, tukiamini inchi mbili ni kidogo. Nikatia girisi kila penye nipeli mpaka ya zamani ikatoka na maji mekundu, nikafungua difu ya katikati, nikashika lami kwenda Bomet. Kwa kilomita 80 kwa saa shafti ya mbele ilikuwa kimya. Kwa ya nyuma nitamwomba fundi aiongezee kipande cha chuma kwenye flanji, kabla ya kufikiria kwenda Narok.