Mzee Hajambo, Je, Anayemwuguza?

Ndugu msomaji, sisi watu wa Bagamoyo salamu zetu ni ndefu. Mtu hakupiti njiani akakwambia hujambo akaenda zake. Atauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na mvua ikikawia ataiuliza nayo. Lakini kwa miaka minne sasa mimi naulizwa habari moja tu: "Mzee je, anaendeleaje?" Nami hujibu kuwa hajambo kidogo, tunamshukuru Mungu, tukaagana. Leo nataka nikupe habari za yule asiyeulizwa.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashua, na baadhi ya vyombo alivyoviunda vingali baharini. Ugonjwa wake ulianza kwa mambo madogo: hesabu ya misumari, jina la mjukuu, njia ya kurudi kutoka sokoni. Majirani walisema ni uzee. Wengine, kwa nia njema, walimtaja mganga. Daktari alitueleza kuwa ni ugonjwa wa ubongo uitwao demensia, na kwamba aina yake iliyoenea zaidi ina jina la Alzheimer, daktari wa Kijerumani aliyeieleza mwaka 1906. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Wala usidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa katika kila wazee 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, 6 hivi walikuwa nao.

Mchana huwa si haba. Kazi ni usiku. Ifikapo saa nane huamka akatafuta tezo yake, akasema maji yamejaa na chombo hakijakalafatiwa. Ukimwambia hakuna chombo, hukasirika. Ukitia komeo, huugonga mlango hata mtaa mzima ukaamka. Basi nami hujitanda kanga tukatoka, tukaenda mpaka ufukweni, akayatazama maji, tukarudi. Kuna usiku twenda mara mbili. Pengine huniita mama. Pengine huniuliza mimi ni nani na nimeingiaje humu ndani, na hilo, baada ya ndoa ya miaka 41, huuma mahali pasipo na dawa ya kupaka.

Mwili nao una hesabu zake. Nilikonda. Mgongo ulianza kuniuma kwa kumwinua kitandani. Nilijikata kidole nikipaa samaki, na kidonda kile kidogo kikakaa wiki baada ya wiki. Siku ya kufuata vidonge vyangu vya presha ilikuwa ikipita, kwani foleni ni ya asubuhi nzima, na yeye nimwachie nani? Mwisho nikaanguka uani. Walinipima wakakuta 190 kwa 110. Muuguzi, binti mdogo tu, aliniamkia, kisha akaniuliza: "Bibi, wewe unalala saa ngapi?" Hakuwahi mtu kuniuliza hivyo.

Baadaye nilielewa kuwa kidole changu hakikuwa kioja. Huko Ohio, Marekani, mwaka 1995 wataalamu walitangaza matokeo ya kulinganisha wanawake waliokuwa wakiwatunza ndugu wenye ugonjwa huu na wenzao wasio na mzigo huo. Jeraha dogo lililofanana, mkononi, lilichelewa kupona kwa siku 9 hivi kwa wale waliouguza. Mwili unaokaa macho kwa hofu usiku na mchana hutoa kemikali zinazodhoofisha kinga yake wenyewe. Mwaka 1999, uchunguzi mwingine wa hukohuko Marekani ulitazama wazee wenye miaka 66 hadi 96 waliowatunza wenzi wao wagonjwa. Wale waliosema wameelemewa walikuwa katika hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 katika miaka minne, wakilinganishwa na wasio na mwenzi wa kuuguza. Lakini waliotunza bila kuelemewa hawakuonyesha ongezeko hilo. Tafadhali yasome tena maneno hayo. Mimi niliyasoma mara tatu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Sina ugomvi nayo. Ila nimeona kwa macho yangu kuwa familia, ukishaondoa walioko kazini Dar es Salaam, walioolewa mbali na wale wanaotuma pesa kwa simu, hubaki mwanamke mmoja mwenye kanga mbili. Pesa nazishukuru, zinanunua mchele na sabuni. Usiku wa manane haziamki.

Baada ya kuanguka kwangu tuliitisha kikao cha ukoo. Wifi yangu mmoja alisema mke mwema hachoki. Nilimjibu kwa heshima kuwa mke mwema ana mishipa ya damu kama watu wengine, na nikaiweka mbele yao karatasi ya kipimo. Maneno yalikuwa mengi, na chai ikapoa. Hatimaye shemeji yangu wa Mlingotini alikubali kulala kwetu siku tatu za wiki, na kijana wangu anayefanya kazi Tegeta akapewa usiku wa Jumamosi. Jumatano moja kila mwezi binti wa jirani hukaa na Mzee hadi adhuhuri, nami nikaenda kupimwa. Mara ya mwisho ilikuwa 148 kwa 90. Muuguzi hajaridhika, lakini ameacha kukunja uso.

Nawe msomaji uliyeko Temeke au Ubungo, ukija nyumbani Jumapili na mfuko wa sukari, kabla hujauliza habari za baba mtazame mama macho yake, ukamwulize kidonge chake cha mwisho alikimeza lini. Ikiwezekana njoo tangu Jumamosi, ukalale mlangoni. Kijana wangu alikuja mara ya kwanza na viatu vyake vya ofisini, vikajaa mchanga na maji ya chumvi. Siku hizi huja na ndala.