Spika za bi harusi na ukuta wa jirani

Mmezoea tuwaandikie mapazia, udi na mashuka ya kitanda cha harusi. Leo ni spika. Msicheke, maana siku hizi vyombo havitimii mpaka sebuleni pawe na sabufa na spika zake tano, na hakuna anayemwambia mwari pa kuziweka.

Binti wa kaka yetu ameolewa Mfungo Mosi, akahamia Kariakoo, ghorofa ya tatu, sebule ya mita nne kwa tatu na nusu. Sisi mashangazi zake tulipanda boti kwenda kumsaidia kupanga nyumba. Mkwe wetu, Mungu amhifadhi, alikuwa keshafunga mitambo yake: sabufa pembeni kabisa juu ya marumaru, imeegemea ukuta, na spika zote tano zimepangwa mstari mmoja juu ya kabati la tivii kama vikombe.

Nyuma ya ukuta ule ndipo kilipo kitanda cha bibi mmoja mtu mzima mwenye presha. Bibi hakugonga mlango wala hakusema neno. Alimtuma mjukuu wake na sahani ya vitumbua kumkaribisha bi harusi, na mtoto, kama watoto walivyo, akasema: bibi halali. Mwari akabaki na lile neno moyoni siku nne, hajui amwambieje mume wa wiki mbili kwamba furaha yake inamkera mgonjwa.

Basi tukamwambia mkwe kuwa tunataka kuzipanga zisikike vizuri zaidi. Wala hatukusema uongo. Watu hupandisha sauti kwa sababu hawasikii maneno, na hawasikii maneno kwa sababu spika zimekaa vibaya.

Mbili za mbele zikae kushoto na kulia kwa tivii, usawa wa masikio ya aliyekaa kwenye kochi. Umbali baina yao uwe sawa na umbali wa kutoka kila moja mpaka kwako, pembetatu kama sambusa, na zigeuzwe kidogo zikutazame. Ya katikati ndiyo inayobeba mazungumzo ya filamu. Wengi huitumbukiza ndani ya kabati chini ya tivii, maneno yakaishia magotini. Ivute mpaka ukingoni, iinue uso kwa kipande cha mpira chini yake. Mbili za nyuma ziwe ubavuni mwako, zimerudi nyuma kidogo, juu ya kichwa. Kochi likiwa limegusa ukuta, ziwe ubavuni tu, yatosha.

Sabufa ndiyo yenye mambo. Pembe ya chumba huivimbisha, kwa kuwa kuta mbili na sakafu zinairudishia sauti yake, na mngurumo ule hupita ukutani na sakafuni kuliko sauti nyembamba. Dawa yake ni hii: iweke juu ya kochi, pale unapokaa wewe, weka kaswida yenye dufu, kisha zunguka chumba umeinama. Utakapolisikia dufu safi, halivumi wala halipotei, hapo ndipo mahali pake. Sisi tulizunguka watatu na mabuibui yetu, mwari kavunjika mbavu kwa kucheka. Tukaipata karibu na mlango wa varanda, mbali na ukuta wa bibi, tukaiwekea sponji nene chini.

Zulia na mapazia mazito yanasaidia pia. Piga kofi, chumba kikilia, kina marumaru na vioo vingi mno. Lakini jueni kuwa pazia hutuliza mwangwi wa ndani tu, halizuii mngurumo kwenda kwa jirani.

Mkwe alizoea sauti 40. Jioni ile aliweka filamu kwenye 22 na hakugusa rimoti. Mwari akavuka ukumbi kumuuliza bibi kama anasikia kitu. Bibi akauliza, kitu gani?

Msituambie kwamba nyinyi mnaweka Qur'ani tu, kwa hiyo hakuna ubaya. Imepokewa na Abu Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) akiwa katika itikafu alisikia watu wakisoma kwa sauti za juu, akafunua pazia akawakataza wasiudhiane wala kupaziana sauti katika kisomo. Ikiwa hivyo msikitini, sembuse tamthilia ya Kituruki saa sita za usiku?

Kwa ambao hawajanunua: mkiingia maduka ya Msimbazi na Uhuru, msibabaishwe na boksi lililoandikwa wati 5,000 PMPO. Hesabu hiyo haina kipimo kinachoeleweka. Tafuteni RMS, au geuzeni chombo msome kibandiko cha nyuma kinachosema kinakula umeme kiasi gani. Kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa 5,000. Mwambieni muuzaji aweke mawaidha badala ya muziki, sauti ndogo, msikilize kama kila neno linatoka. Waya za spika za nyuma pimeni nyumbani kwa kamba kabla ya kutoka, kwa kupita ukutani na si katikati ya chumba. Na wakati wa kufunga, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Moja ikigeuzwa, besi hukonda na mtalaumu duka bure.