Mgongo wa Baba

Ndugu zangu wa Louisville na Columbus, mkija huku kwetu Buffalo kutazama maporomoko ya Niagara, piteni na bandarini. Mimi nilikwenda juzi na binti yangu. Mnara wa taa wa mwaka 1833 ungali umesimama, na Mfereji wa Erie, uliofunguliwa 1825, ulikomea hapo hapo. Kando ya mto yamejipanga maghala marefu ya nafaka, mengi matupu: tangu 1959 meli hupitia St. Lawrence hadi baharini bila kushusha mzigo hapa.

La kwanza lilijengwa 1842 na Joseph Dart na mhandisi Robert Dunbar. Kabla yake ngano ilibebwa na makuli mgongoni. Baadaye ikapandishwa kwa ndoo zilizofungwa kwenye mkanda, zikiendeshwa kwa mvuke.

Mimi ni mhandisi, ningepaswa kufurahi. Lakini marehemu baba alikuwa kuli wa Kilindini, na magunia yale ndiyo yaliyonisomesha. Je, mashine kama ile ingemponya mgongo, au ingetunyima karo?

Binti akauliza mbona nimenyamaza. Ndipo, kwa mara ya kwanza, nikamsimulia habari za babu yake.