Kaandike Kwanza, Kisha Uje

Kijana wa ofisi ya jirani alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuomba kompyuta mpya. Sababu aliyoitaja ni kwamba ya zamani "imeathirika". Kila tovuti anayoifungua inakataa na kuleta onyo kwamba muunganisho si salama: ya benki, ya barua pepe, hata za magazeti. Ameizima na kuiwasha mpaka kitufe kimelegea. Nilitazama pembe ya chini ya kioo, upande wa kulia. Saa ilisema tuko tarehe 1 Januari 2009.

Tovuti yenye kufuli ina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2009 ikioneshwa cheti cha juzi, inakiona hakijaanza kutumika. Inakikataa, na kwa hesabu zake haijakosea. Saa hurudi nyuma kwa sababu kile kibetri cha duara kilicho kwenye ubao wa ndani, chenye maandishi CR2032, kimekufa. Umeme ukichomolewa tu, mashine inasahau leo ni lini. Tulirekebisha tarehe, tovuti zikafunguka zote. Betri alikwenda kuinunua kwa fundi saa.

"Mama, hayo umesomea wapi?"

"Mtaa wa Jamhuri."

Akauliza ada yao ni kiasi gani.

Sikuudhika kwa kuwa hakujua habari za betri. Hakuna anayezaliwa anazijua. Niliudhika kwa sababu onyo lenyewe lilikuwa limeandika, kwa maneno yanayosomeka, kwamba saa ya kompyuta iko nyuma. Siku zote hizo alikuwa akilifunga kabla hajalisoma.

Mtaa wa Jamhuri, Dar es Salaam, hapakuwa na chuo. Palikuwa na duka la steshenari, chini ya nyumba ya ghorofa moja yenye roshani ya mbao, na ndani yake mama mmoja ambaye mjini tulimwita Mama Steshenari, nami sitamwita vingine. Alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma. Shirika lilipokufa alipunguzwa pamoja na wenzake, na kiinua mgongo chake akakinunulia mashine ya kutolea kopi. Wenzake wengi walinunua daladala.

Harufu ya duka lile ningeitambua hata nikiwa nimefumba macho: nta ya karatasi za stensili, wino wa kurudufia, ukali wa Tipp-Ex iliyoachwa wazi, na ile hewa ya kukereketa koo inayotoka kwenye mashine ya kopi iliyofanya kazi tangu asubuhi. Juu ya yote hayo kulikuwa na tangawizi ya chai yake, iliyokaa kwenye chupa nyuma ya kaunta, na ambayo hakumpa mteja hata mmoja. Kanga ilikuwa begani daima kwa ajili ya feni. Feni hiyo ilipeperusha karatasi za kila mtu isipokuwa zake, maana zake zilikuwa zimechomekwa kwenye msumari.

Mimi nilitoka Chuo cha Uhazili Tabora na hatimkato, na vidole vyepesi, na imani kwamba mashine ya kuandikia ni kitu chenye riboni. Nimezoea kusimulia kwamba kompyuta ya kwanza ofisini kwetu iliingia 1991. Barua ya makabidhiano, niliyoikuta kwenye faili la zamani, inasema 1993. Basi na iwe 1993. Ilikuja na WordPerfect 5.1, kioo cha buluu kitupu, pamoja na kipande cha plastiki cha kuweka juu ya vitufe ili ujue kipi kinafanya nini: F7 kutoka, F10 kuhifadhi, Shift na F7 kuchapa. Ukitaka msaada ni F3, wakati programu nyingine msaada wake uko F1. Kwenye WordPerfect F1 ilikuwa ya kughairi. Wafadhili walileta mashine, wakapiga picha nayo, wakaondoka. Iliposimama, hatukuwa na wa kumwuliza.

Ndipo mhudumu wa ofisi akaniambia kuna mama Jamhuri anayejua.

Nilifika nikaanza kumweleza kwamba kompyuta imegoma. Akanikata.

"Imeandika nini?"

Nikasema imeandika mambo ya Kiingereza.

"Mwanangu, kaandike kwanza, kisha uje. Neno kwa neno, na nukta zake."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kaunta ile. Watu walitoka Samora, Mkwepu na Posta wakiwa na vipande vya karatasi mkononi, kama wenye vyeti vya daktari, kila kimoja kimenakiliwa maneno yaliyotokea kwenye kioo. Mama alikisoma, akauliza swali moja au mawili, kisha akaandika dawa upande wa nyuma na kukupa. Nakala yake aliichomeka kwenye msumari. Aliyekuja na ugonjwa ambao alikwisha kuutibu hakungoja. Mama alipekua msumari kwa kidole cha shahada, akavuta kikaratasi, akamsomea.

Mengi yalikuwa madogo, na bado ni madogo. Kuna printa ya leza ya HP iliyokuwa inaandika "PC LOAD LETTER" na kukaa kimya huku trei imejaa karatasi. Ofisi nzima ilikuwa imeifungua na kuifuta tona. Mama akaniuliza waraka umetoka wapi. Ulitoka kwa mfadhili wa Washington. Basi ugonjwa haukuwa kwenye printa. Karatasi ya Wamarekani ina upana wa milimita 216 na urefu wa 279. Yetu ya A4 ni 210 kwa 297. Waraka uliumbwa kwa ile, printa inaingojea ile, na itaingoja hadi Kiyama. Unaingia kwenye mpangilio wa ukurasa, unabadili kuwa A4, basi. Printa iliyofutwa tona ndiyo iliyokuja kuharibika kweli.

Kuna bosi aliyedhani kirusi kinakula herufi: akiandika neno katikati ya sentensi, maneno ya mbele yanatoweka. Alikuwa ameugusa ufunguo wa Insert. Kwenye Word za zamani ukiugusa tu unaingia katika hali ya kuandika juu ya maandishi, na chini ya kioo zinawaka herufi tatu, OVR. Ukiugusa tena, imekwisha. Microsoft wenyewe walikuja kuuzima ufunguo huo kwenye Word ya 2007, nadhani kwa kuchoshwa na mabosi.

Kuna disketi iliyosomeka ofisini na kukataa kila mahali pengine. Wengi walikuwa wakiipuliza. Mama aliirudisha ilikotoka: kichwa cha kusomea cha mashine ile kimepinda kidogo, huandika kwa upande, na hujisoma chenyewe tu. "Kaifungulie huko huko, uichape kwenye karatasi."

Lakini nililolishuhudia nikaamua kwamba mama huyu si wa kawaida ni jambo la aya ya mwisho. Mchumi wa mradi mmoja aliingia anatokwa na jasho. Alikuwa na ripoti ambayo kila ikifunguliwa, haikai dakika mbili bila kuifunga Word yote, na nambari za kurasa zilikuwa zinaruka kutoka 14 hadi 3. Ilitakiwa kesho yake. Mama alivuta kigoda, akaifungua, na kabla haijaanguka akabonyeza Ctrl na End. Kipanya hakukigusa. Kisha Ctrl, Shift na Home kwa pamoja. Ripoti ikawa nyeusi yote kutoka chini hadi juu, isipokuwa kialama kimoja cha aya kilichobaki peke yake mwishoni kabisa. Akanakili, akafungua waraka mpya, akabandika. Ripoti ikatulia.

Mchumi alitaka kujua amefanya nini. Mama akamwonesha kile kialama kilichobaki kwenye waraka wa zamani. Ndani yake Word huhifadhi mambo mengi yasiyoonekana: pambizo, vichwa vya kurasa, hesabu ya nambari zake. Uharibifu ukiingia, mara nyingi hujificha humo. Anayenakili waraka wote kwa Ctrl na A huhama nao. Anayekiacha kialama hicho nyuma ameuacha ugonjwa nyumba ya zamani. Pesa ya ufundi Mama hakupokea. Alimwuzia rimu mbili za karatasi ambazo sidhani kama mchumi alizihitaji.

Hakuwa amesomea. Alijua kwa sababu WordPerfect ilikuwa na kioo cha pili, ukibonyeza Alt na F3, kilichoonesha kila amri iliyofichika kati ya maneno: hapa wino mzito umeanza, hapa umekwisha, hapa kuna mstari uliosahauliwa. Ukiona herufi nzito mpaka mwisho wa barua, unamtafuta aliyefungua bila kufunga, unamfuta. Word ilipoingia na kuficha yote hayo, Mama alilalamika mwaka mzima, kisha akaanza kuwinda yalikofichwa.

Miaka iliyofuata ilikuja kwa fujo. Ziliingia flashi, na virusi vyake. Unachomeka flashi, mafaili yako yote yamegeuka vijisanduku vya njia ya mkato ambavyo havifunguki. Vijana wa mtaani walikuwa wakisema flashi imekufa, wanaifuta yote, wanakutoza. Mafaili hayakufa, yamefichwa tu. Mama alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika attrib, akaondoa alama ya kufichwa, ya mfumo na ya kutoandikika, na picha za harusi za watu zikarudi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, menyu zake kwa Kiswahili, akaiweka kwenye mashine ya nyuma siku alipoipata. Wateja waliisifia, wakamwomba awachapie kwa Word. Baadaye Office ya 2007 ikaleta mafaili ya docx ambayo nusu ya ofisi za mjini haziyafungui, na kwa mwaka mzima dawa ya msumarini ilikuwa moja: mwambie aliyekutumia ahifadhi kwa mtindo wa 97 hadi 2003.

Mkongo wa intaneti ulipofika, watu wakaacha kuja na vikaratasi. Nyumba ya roshani ilivunjwa. Pamesimama jengo la vioo lenye benki chini. Mama alihamia Kibaha kwa mwanawe, akafariki huko.

Sisemi kwamba enzi zile zilikuwa bora. Nimeona mkataba wa kurasa 40 ukienda na mgao wa umeme kwa sababu mwandishi hakuhifadhi tangu asubuhi. Leo maandishi yanajihifadhi yenyewe, na sijawahi kuikumbuka kwa mapenzi disketi hata moja. Ninachokilalamikia ni kwamba pande zote mbili zimeacha kazi ya kikaratasi. Zamani mashine iliandika kwa ukali na kwa lugha ngumu, lakini iliandika kitu. Sasa mfumo wa kulipia hili au kujisajili kwa lile unakwambia kuna hitilafu, jaribu tena baadaye. Ungemnakilia Mama nini? Na pale ujumbe unapokuwa na maana, kama ule wa saa iliyo nyuma, msomaji hayupo. Ofisi zina mtu wa TEHAMA, unamjazia fomu, anakuja Alhamisi, anazima na kuwasha.

Na hata anayejua sasa anafika mahali pasipo na dawa ya kaunta. Tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha muda cheti kimoja cha mizizi cha tangu 2000, na simu na kompyuta za zamani zikakataa tovuti chungu nzima ingawa saa zao zilikuwa sahihi. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022, na fomu fulani za ofisi zilizojengwa kwa ajili yake pekee zikabaki hapo hapo. Windows 10 iliachwa Oktoba 2025, pamoja na mashine nzima kabisa zisizokubali ya 11. Hapo barua ya kuomba kompyuta mpya ina haki.

Lakini mengine hayajasogea hata hatua. Mwezi uliopita nililetewa orodha ya washiriki wa semina kwa Excel. Namba za simu hazina sifuri ya mbele hata moja, na zilizoanza na 255 zimegeuka 2.56E+11. Excel huichukulia namba ya simu kama namba ya hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Unaigeuza safu iwe ya maandishi kabla hujaanza kuandika, au unatanguliza alama ya ritifaa kabla ya sifuri. Zile za 255 hazijapotea. Zipe safu muundo wa namba bila desimali, zitarudi zilivyokuwa. Niliwaandikia hayo yote, nikawarudishia orodha. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: orodha iko sahihi, ndivyo mfumo ulivyoitoa, na waliopigiwa simu ni wale ambao namba zao mfumo umezikubali.